Brashi ya hewa kwa mchonga vyambo: Ipi inafaa mfuko mdogo?

MTU anayechonga vyambo bandia vya kunasa mbuta katika fuo za Mbita, Sindo, Sori au Muhuru Bay hufika mahali ambapo kisu na msasa vimemaliza kazi yake. Kipande cha mti kimekwisha kupata umbo la samaki na ndoana zimeandaliwa, lakini mwili bado ni ubao mtupu. Hapo ndipo swali la rangi linapozuka, na nyuma yake swali la fedha.

Brashi ya kawaida ya manyoya inaweza kupaka chambo rangi, ila huacha mipaka mikali. Mgongo mweusi hukoma ghafla na tumbo jeupe huanza ghafla, ilhali katika samaki halisi rangi moja huyeyuka ndani ya nyingine. Chombo kinachoiga myeyuko huo vizuri zaidi ni brashi ya hewa, yaani kifaa kidogo kama kalamu ya chuma kinachochanganya rangi na hewa yenye presha na kuipuliza kama ukungu mwembamba. Kifaa hiki kilibuniwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo hutumiwa na wachoraji, wapamba keki na mafundi wa magari.

Tatizo ni kwamba brashi ya hewa haifanyi kazi peke yake. Inahitaji kompresa, mpira wa hewa, kidhibiti cha presha, kichungi cha maji, rangi inayofaa na barakoa. Anayemaliza akiba yake kwa kununua kalamu nzuri hubaki na pambo lisilo na hewa. Anayenunua seti ya bei ya chini kabisa bila kuichunguza naye huweza kubaki na mashine inayotema rangi matone matone. Kwa kijana wa Homa Bay au Migori ambaye fedha hizo zingeweza kununua wavu au kulipa karo, hasara hiyo si ndogo.

Soko la chambo bandia

Ziwa Victoria ni mali ya nchi tatu, na sehemu ya Kenya ni takriban asilimia sita tu ya eneo lake. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, hakuwamo ziwani humo tangu asili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka mno, na hatimaye akawa samaki wa kuuzwa nchi za nje. Anaweza kupita uzani wa kilo 100, ingawa wakubwa wa kiasi hicho ni nadra.

Wavuvi walio wengi humnasa kwa nyavu au kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi, ambazo hutiwa chambo cha samaki wadogo kama vile fulu na mumi wachanga. Chambo bandia ni chombo cha njia nyingine: kuvua kwa mshipi mmoja, ama kwa kurusha kutoka ufuoni au kwa kuburuta chambo nyuma ya mashua inayokwenda polepole. Njia hii ndiyo inayopendwa na wageni wanaofika visiwa vya Rusinga na Mfangano kuvua kwa burudani.

Kwa hiyo mchonga vyambo anapaswa kujua mapema kwamba wateja wake si kila mvuvi aliye ufuoni. Ni wale wanaovua kwa mshipi, wenye mashua wanaowabeba wageni, na wageni wenyewe wanaotaka kurudi nyumbani na kitu kilichotengenezwa kwa mkono. Soko la namna hiyo halistahili mkopo mkubwa wa kununulia mashine kabla chambo cha kwanza hakijauzwa.

Njia hii ina faida moja isiyopatikana kwa nyavu. Samaki aliyenaswa kwa mshipi huonekana mmoja mmoja, na aliye mdogo anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Nchi tatu za ziwa hili zilikubaliana kwamba mbuta walio chini ya sentimita 50 wasivuliwe. Anayekusudia kuvua au kuongoza wageni hana budi kuuliza kwanza kuhusu leseni kwa afisa wa uvuvi na kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, maarufu kama BMU, kwa kuwa shughuli hizo zimo chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016.

Rangi ina kazi gani majini?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, ni vyema kuelewa rangi inafanya nini. Samaki huvutwa kwanza na mwendo wa chambo, yaani jinsi kinavyoyumba na kutetemeka kinapovutwa. Chambo kilichochongwa vibaya, kinachokwenda upande au kujiviringisha, hakiwezi kuokolewa na rangi yoyote. Kila umbo jipya lapaswa kujaribiwa majini likiwa limepakwa vanishi tu ya kuzuia maji, na lipewe rangi baada ya kuthibitika kwamba linaogelea sawasawa.

Rangi hufuata. Maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kendu Bay na mji wa Homa Bay, kwa kawaida huwa na tope na mwani mwingi. Katika maji ya kijani kibichi, mwanga mwekundu na wa bluu humezwa upesi, huku wa kijani na manjano ukifika chini zaidi. Ndiyo maana rangi ya manjano inayoelekea kijani, pamoja na mgongo mweusi unaoonyesha tofauti kali, huonekana vizuri zaidi katika maji kama hayo. Nje ya ghuba, karibu na Mfangano, ambako maji ni maangavu zaidi, mng'ao wa fedha unaoiga omena huwa na nafasi kubwa.

Mbuta hula omena, fulu, uduvi wadogo, na hata watoto wa mbuta wenzake. Kwa hiyo mchonga vyambo hahitaji rangi 30. Nyeupe, nyeusi, fedha, manjano, kijani na rangi ya chungwa zatosha kuiga karibu kila windo la mbuta. Kila chupa isiyonunuliwa ni fedha iliyobaki kwa kompresa.

Kuanza bila mashine

Historia ya chambo mashuhuri zaidi duniani inatoa funzo kwa asiye na mtaji. Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland, alichonga chambo chake cha kwanza kilichofaulu mwaka 1936. Alitumia gome la mti, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa iliyofungiwa chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, aliyeyusha filamu za picha ili kupata utando wa kukikinga. Hakuwa na brashi ya hewa. Kampuni inayobeba jina lake leo huuza vyambo katika nchi nyingi.

Mchongaji wa Karungu au Rusinga anaweza kufuata njia hiyo hiyo. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ikibandikwa ubavuni mwa chambo na kukandamizwa kwa mgongo wa kijiko, hutoa mng'ao wa magamba ambao rangi ya fedha haiufikii. Mgongo hupakwa kwa kipande cha sponji kinachochovywa rangi kidogo na kugongwagongwa, nacho huficha mpaka kati ya rangi mbili. Juu yake hupakwa vanishi au gundi ya epoksi isiyo na rangi.

Vyambo kumi vya namna hii vitamwonyesha mtu kama umbo lake linanasa samaki na kama kuna anayetaka kuvinunua. Jibu likiwa ndiyo, ndipo brashi ya hewa inapokuwa ununuzi wa busara.

Aina za brashi

Jambo la kwanza la kuangalia ni jinsi kitufe kinavyofanya kazi. Katika brashi ya tendo moja, kukibonyeza kitufe hutoa hewa na rangi kwa pamoja, na kiasi cha rangi hurekebishwa kwa kuzungusha skrubu. Katika brashi ya matendo mawili, kubonyeza chini hutoa hewa, na kuvuta nyuma hutoa rangi. Hii ya pili huhitaji mazoezi ya siku kadhaa, lakini humpa mtumiaji uwezo wa kuanza na ukungu hafifu na kuuzidisha bila kusimama. Kwa kazi ya kuyeyusha rangi ya mgongo hadi ubavuni, hiyo ndiyo inayofaa, na tofauti ya bei kati ya aina hizi mbili katika vifaa vya gharama nafuu si kubwa.

Jambo la pili ni mahali rangi inapochanganyikia na hewa. Brashi zinazochanganya nje ya mdomo ni rahisi na hazizibi upesi, ila hutoa chembe kubwa zenye mikwaruzo. Zinazochanganya ndani hutoa ukungu laini. Ya kwanza yafaa kwa kupaka andakoti, ya pili kwa rangi za juu.

La tatu ni namna rangi inavyoingia. Baadhi ya brashi huwa na kikombe kidogo juu yake, na rangi hushuka kwa uzito wake yenyewe. Nyingine huwa na chupa chini, na rangi hufyonzwa na mkondo wa hewa. Ile ya kikombe cha juu hufanya kazi kwa presha ndogo zaidi, hupoteza rangi kidogo na husafishwa haraka. Kwa mtu anayepaka vyambo vichache kwa wakati mmoja na kubadilisha rangi mara kwa mara, kikombe cha juu ni bora. Chupa ya chini humfaa anayepaka vyambo hamsini kwa rangi moja.

La nne ni ukubwa wa tundu la mdomo, ambao hupimwa kwa milimita. Tundu la 0.2 ni la michoro myembamba sana na huziba upesi likipitisha rangi ya kung'aa yenye chembe za madini. Tundu la 0.3 hufanya karibu kazi zote za chambo. Tundu la 0.5 hupitisha andakoti na rangi za fedha bila taabu. Anayenunua brashi moja pekee achague 0.3, na kama seti inakuja na sindano na mdomo wa akiba wa 0.5, hiyo ni nyongeza ya maana.

Kompresa ndiyo moyo wa kazi

Wengi huhangaikia kalamu na kuisahau hewa, ilhali makosa mengi ya rangi hutokana na hewa. Kupaka vyambo huhitaji presha ya kati ya pauni 15 na 30 kwa inchi mraba, kipimo kile kile kinachotumiwa na mafundi wa panksha kujaza magurudumu. Hicho si kiwango kikubwa. Kinachotakikana ni hewa isiyopandapanda wala kushuka, na isiyo na maji.

Kompresa ndogo za brashi ya hewa ni za aina mbili. Zisizo na tangi hupeleka hewa moja kwa moja kwenye mpira. Hizi ni nafuu, lakini hewa yake hudunda kufuata mapigo ya pistoni, na mota hufanya kazi muda wote na kupata joto. Zenye tangi, hata dogo la lita tatu, huituliza hewa kabla haijafika kwenye brashi, na mota hujizima tangi likijaa. Iwapo kuna mahali pa kuongeza fedha katika ununuzi wote huu, ni hapa: tangi, kidhibiti cha presha chenye saa ya kusomea, na kichungi cha maji.

Kichungi hicho si pambo. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na hewa inaposhindiliwa, unyevu huo hugeuka matone. Tone moja likifika kwenye chambo huharibu rangi iliyopuliziwa kwa nusu saa.

Siku hizi pia kuna brashi zenye kompresa ndogo ya betri iliyoshikizwa chini ya kalamu. Huvutia kwa kuwa hazihitaji umeme wa ukutani wakati wa kazi, jambo linalofaa visiwani. Hata hivyo, presha yake ni ndogo, betri huisha baada ya muda mfupi, na ikifa huenda isipatikane nyingine. Zinafaa kwa kujifunza na kwa rangi nyepesi, si kwa kazi ya kila siku.

Asiyeweza kununua kompresa ana njia ya kienyeji inayofanya kazi. Gurudumu la gari la akiba hujazwa kwa fundi wa panksha hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, na si zaidi, kisha huunganishwa na brashi kwa mpira wenye kichwa cha vali. Gurudumu la gari dogo hutoa hewa ya kupuliza kwa dakika chache tu, na presha hushuka kadiri linavyoisha. Lakini chambo kimoja huhitaji sekunde chache kwa kila rangi, na hewa hiyo haidundi wala haina kelele. Umeme unapokatika, kazi haisimami.

Wako pia wanaogeuza mota ya friji kuukuu kuwa kompresa. Mota hizo ni kimya, lakini huchanganya mafuta na hewa, na mafuta hayo huacha vishimo kwenye rangi. Aidha kuifungua friji bila ujuzi huachilia gesi yenye madhara. Hatari kubwa zaidi ni kutumia mtungi wa zamani wa gesi ya kupikia kama tangi. Mtungi uliochakaa, usio na vali ya usalama, unaweza kupasuka. Hakuna chambo kinachostahili hatari hiyo.

Njia nyingine ni ushirikiano. Gereji za kupaka magari rangi katika miji ya Homa Bay na Migori zina kompresa kubwa. Mchongaji anaweza kuelewana na fundi apige andakoti nyeupe kwa vyambo thelathini kwa mara moja, kisha yeye amalizie mgongo, ubavu na macho nyumbani. Kwa njia hii hahitaji mashine yenye nguvu.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Vifaa vya bei nafuu vingi hutoka China, na ubora wake hutofautiana hata kati ya seti mbili zinazofanana. Mnunuzi asione haya kuomba kuvikagua.

Kwanza, asome bamba la kompresa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine iliyoundwa kwa soko la Marekani, ya volti 110, itaungua punde ikichomekwa ukutani bila transfoma.

Pili, atoe sindano ya brashi na kuizungusha juu ya kioo au meza laini. Sindano iliyopinda ncha, hata kidogo sana, hufanya rangi itoke upande mmoja. Mdomo nao usiwe na ufa.

Tatu, aangalie meno ya kukazia mpira. Brashi nyingi hutumia kipimo cha moja kwa nane cha inchi, lakini baadhi ya kampuni za Marekani zina vipimo vyake zenyewe. Kompresa nyingi nazo hutoka na moja kwa nne. Mpira usiolingana na brashi unaweza kumgharimu mtu safari nyingine ya Kisumu kutafuta kiungio kidogo cha shaba.

Nne, aulize kama sindano, midomo na mipira midogo ya kuzuia uvujaji vinauzwa pekee. Brashi ambayo mdomo wake haupatikani dukani ni brashi ya kutupwa siku mdomo huo utakapopasuka. Kwa sababu hii, brashi ya bei ya wastani yenye vipuri ni nafuu kuliko mbili za bei ya chini zisizo navyo.

Rangi, sumu na mapafu

Rangi ya akriliki inayochanganywa na maji ndiyo salama zaidi kwa anayeanza. Hukauka haraka, na brashi husafishwa kwa maji. Huzimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa yaliyochujwa, kisha huchujwa kwa kitambaa chembamba ili chembe zisizibe mdomo. Rangi za mafuta na za magari hung'aa zaidi, lakini huhitaji tina, ambayo moshi wake hudhuru na hushika moto kwa urahisi. Kamwe zisipulizwe karibu na jiko, taa ya mafuta au sigara.

Yapo mambo mawili yasiyofaa kupuuzwa. La kwanza ni madini ya risasi. Kenya iliweka mwaka 2018 kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja ya rangi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Mkebe wa zamani usiojulikana ulitoka wapi usitumiwe. Tahadhari hiyo hiyo yamhusu anayeyeyusha risasi ili kukipa chambo uzito: kazi hiyo ifanyiwe nje, mbali na watoto, na kwa sufuria isiyotumiwa tena kupikia.

La pili ni vanishi za magari zinazochanganywa na kigandishi. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo huweza kusababisha pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii. Mchongaji wa nyumbani aziepuke kabisa na atumie gundi ya epoksi ya kupaka kwa brashi, huku amevaa glovu. Epoksi hukaa sawasawa iwapo chambo kitazungushwa polepole hadi igande.

Hata kwa rangi ya maji, ukungu unaovutwa puani si hewa safi. Barakoa yenye vichungi, dirisha lililo wazi na upepo unaotoka nyuma ya mpakaji ni sehemu ya vifaa, si anasa. Maji ya kuoshea brashi nayo yasimwagwe ziwani. Yawekwe ndooni hadi rangi itulie chini na kukauka, kisha mabaki yatupwe pamoja na taka.

Magamba kwa kipande cha wavu

Baada ya andakoti nyeupe kukauka na kupigwa msasa laini, kazi huenda kutoka rangi nyepesi hadi nzito. Tumbo na ubavu hupulizwa fedha au manjano. Kisha chambo hufunikwa kwa kipande cha wavu kilichovutwa barabara na kubanwa kwa vibanio vya nguo, na rangi nyeusi zaidi hupulizwa juu yake. Wavu ukiondolewa, magamba hubaki yamejichora.

Mfuko wa wavu wa vitunguu hutoa magamba makubwa yanayofanana na ya ngege. Kipande cha chandarua kilichochakaa hutoa madogo ya omena. Chandarua kimepigwa marufuku kama zana ya uvuvi kwa sababu hukomba hata samaki wachanga, lakini mezani kwa mpaka rangi hakimdhuru yeyote.

Mwisho hupulizwa mgongo, kwa umbali wa takriban sentimita 10, kwa tabaka nyembamba zinazoachwa zikauke. Macho hupakwa kwa kichwa cha msumari kilichochovywa rangi. Kanuni ya kitufe ni moja: hewa ianze kabla ya rangi, na iendelee baada ya rangi kukoma. Anayeisahau huacha tone kila anapoanza na kila anapomaliza.

Kugawa fedha

Kwa mwenye bajeti ndogo, mgawanyo unaofaa ni huu: karibu nusu ya fedha kwa kompresa yenye tangi, kidhibiti na kichungi, robo moja au chini yake kwa brashi ya matendo mawili yenye kikombe cha juu na tundu la 0.3, na zilizobaki kwa rangi sita, epoksi, barakoa, na sindano na mdomo wa akiba. Anayetumia gurudumu badala ya kompresa anaweza kuiweka nusu hiyo hadi mauzo yatakapomruhusu.

Baada ya hapo maisha ya brashi hutegemea usafi. Rangi ya akriliki iliyokauka ndani ya mdomo ni ngumu kuitoa. Kikombe kioshwe na maji yapulizwe kila rangi inapobadilishwa, na mwisho wa siku sindano itolewe, ipanguswe kuanzia nyuma kuelekea ncha, na kurudishwa kwa upole. Dakika tano za kazi hiyo huokoa bei ya mdomo mpya.

Hatimaye mchongaji aandike hesabu ya kila chambo: mti, ndoana, rangi, epoksi, umeme au hewa, na saa alizotumia. Vyambo vikianza kurudisha gharama hizo na kubakisha kitu, atajua ni lini anunue kompresa kubwa zaidi. Visiporudisha, atakuwa amepoteza fedha za vipande vya mti na karatasi za sigara, na bado atakuwa na akiba ya kununulia wavu.